Namna ya kuboresha kigunduzi cha mwanga cha MoS2: mwongozo kamili, kutoka selotepu hadi kipimo cha kelele

Fundi wa magari anayepaka grisi nyeusi kwenye viungo vya ekseli huenda anashika molibdenamu disalfaidi (MoS2) kila siku bila kuiita hivyo. Weusi ule unateleza kwa sababu umepangwa tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka ni safu ya atomi za molibdenamu iliyobanwa katikati ya safu mbili za salfa. Ndani yake tabaka limeshikana barabara, ila halimshiki jirani yake kwa nguvu. Ulegevu huohuo ndio unaotuwezesha kubandua tabaka moja kwa selotepu. Tabaka hilo, lenye unene wa nanomita 0.65 hivi, ni nusukipitishi kinachoona mwanga.

Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba MoS2 ikipunguzwa mpaka tabaka moja hubadilika tabia. Pengo lake la nishati, yaani nishati inayohitajika kuifungua elektroni ili itembee, ambalo kwenye fuwele nene ni kama eV 1.2 na si la moja kwa moja, hugeuka la moja kwa moja na kufika karibu eV 1.85, na hapo humeza na kutoa mwanga kwa urahisi. Mwaka 2012 kundi moja la Singapore lilichapisha kigunduzi cha tabaka moja kilichotoa miliampea 7.5 kwa kila wati ya mwanga. Mwaka uliofuata kundi la Andras Kis, katika chuo cha EPFL kule Lausanne, Uswisi, likafikisha ampea 880 kwa wati kwa mwanga hafifu sana. Kitu ni kilekile, unene uleule, na tofauti imepita mara laki moja. Lakini kigunduzi hicho cha pili, mwanga ukizimwa, kilichukua sekunde 9 hivi kurudi kwenye hali ya giza.

Namba hizo mbili, 880 na sekunde 9, zitembee pamoja kichwani mwako unaposoma. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili, mwalimu wa fizikia au fundi wa maabara ambaye ana kigunduzi cha aina hii, au anakaribia kukitengeneza, na anataka kiwe bora. Ninachosisitiza ni kimoja: usitoe dawa kabla ya kupima. Vigunduzi vingi "vilivyoboreshwa" vimebadilishwa tu, na aliyevibadilisha hajui alichokigusa.

Kwanza amua kigunduzi ni cha kazi gani

Kigunduzi cha mwanga kina sifa tatu zinazovutana: mwitiko (ampea ngapi kwa kila wati), kasi, na kelele. Ukielewa kwa nini zinavutana, nusu ya kazi imekwisha.

Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ikimezwa huzaa elektroni huru moja na tundu moja, yaani nafasi yenye chaji chanya iliyoachwa na elektroni hiyo. Vyote viwili vikikimbilia elektrodi zao, umepata chaji moja kwa fotoni moja, basi. Ila MoS2 imejaa mitego, yaani kasoro na uchafu unaonasa chaji. Tundu likinaswa linabaki palepale na chaji yake chanya. Elektroni ikitoka upande mmoja wa chaneli, yaani ile sehemu ya MoS2 iliyo kati ya elektrodi mbili, nyingine lazima iingie upande wa pili ili kusawazisha, kisha nyingine, na nyingine, mpaka tundu lile lifunguliwe. Fotoni moja imelipa elektroni nyingi. Huo ndio ukuzaji, na kipimo chake ni muda ambao tundu limekaa mtegoni, ukigawanywa kwa muda ambao elektroni inachukua kuvuka chaneli.

Tufanye hesabu. Chaneli ina urefu wa maikromita 2, wepesi wa elektroni ni sentimita mraba 10 kwa volti kwa sekunde, na umeweka volti 1. Muda wa kuvuka ni nanosekunde 4. Tundu likinaswa kwa milisekunde 1, ukuzaji wa juu kabisa ni 250,000. Namba inapendeza! Lakini kigunduzi hicho hakiwezi kuzimika kabla ya milisekunde hiyo kwisha. Ukuzaji huu unanunuliwa kwa kasi, na bei haina punguzo.

Kwa hiyo jiulize mapema. Unataka kupima mwanga hafifu unaobadilika polepole, kama mng'ao wa sampuli ya kikemia? Mitego michache ni rafiki yako. Unataka kupokea ishara za haraka? Mitego yote ni adui, na njia yako ni ile ya viungo nitakayoieleza mbele. Unataka kusoma mwanga wa nyuzi za mawasiliano wa nanomita 1310 au 1550? MoS2 ya tabaka moja haikufai kabisa, maana haioni mbali zaidi ya nanomita 680 hivi. Hapo tafuta grafini (tabaka moja la atomi za kaboni), au fosforasi nyeusi, ambayo pengo lake kwenye fuwele nene ni kama eV 0.3 lakini huharibiwa na hewa.

Pima ulichonacho kabla ya kugusa chochote

Hatua hii nitaikalia kwa muda, kwa sababu ndiyo inayorukwa.

Anza na mwili wako. Umeme tuli wa vidole unatosha kuunguza tabaka la atomi tatu. Vaa kamba ya mkononi iliyounganishwa na ardhi, unganisha miguu yote ya kigunduzi pamoja na ardhi kabla ya kuchomeka nyaya, na itenganishe mwishoni kabisa. Nimewahi kupoteza kazi ya wiki 3 kwa kugusa waya mmoja nikiwa nimevaa sweta la sufu. Chini ya hadubini chaneli ilionekana imepasuka katikati, kama uzi ulioungua.

Kisha giza. Funika kigunduzi kabisa na ukiache usiku kucha, maana mwanga wa taa za chumba peke yake unaweza kuacha mkondo uliojaa mitegoni kwa saa kadhaa. Asubuhi pima mkondo wa gizani huku ukipeleka volti kutoka hasi 1 hadi chanya 1. Mstari ukinyooka, elektrodi zako zinapitisha vizuri. Ukijikunja kama herufi S, kuna kizuizi pale chuma kinapokutana na MoS2. Hiyo ni dosari namba moja, iandike.

Sasa peleka volti ya geti, yaani elektrodi ya tatu iliyo chini ya oksaidi inayoongeza au kupunguza elektroni kwenye chaneli, kwenda na kurudi. Njia ya kwenda na ya kurudi zikiachana sana, chaji zinaingia na kutoka mitegoni, na mara nyingi mtego ni maji yaliyonata juu ya gamba, yaani kile kipande chembamba cha MoS2. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, ambako hewa imejaa unyevu, jambo hili ni la kila siku. Rudia kipimo kilekile ndani ya ombwe. Pengo la njia mbili likipungua sana, umejua kwamba tatizo liko juu ya gamba. Likibaki vilevile, tatizo liko chini, kwenye sakafu ya oksaidi ya silikoni, au ndani ya gamba lenyewe. Kipimo cha saa moja kimekuonyesha pa kuanzia.

Halafu washa mwanga, na usipime kwa nguvu moja tu. Punguza nguvu kwa vichujio, hatua kwa hatua, angalau mara elfu kumi kutoka juu hadi chini. Chora mkondo wa mwanga dhidi ya nguvu kwenye karatasi ya logi pande zote mbili. Mteremko wa 1 unamaanisha kila fotoni inalipa sawa. Mteremko wa 0.5 au 0.6 unamaanisha mitego ndiyo inayotawala: mwanga ukiwa hafifu mitego ina nafasi na ukuzaji ni mkubwa, mwanga ukiongezeka mitego inajaa na ukuzaji unaporomoka. Ndiyo maana mwitiko uliotajwa bila kutaja nguvu ya mwanga hauna maana yoyote.

Na sasa jambo ambalo limewapotosha wengi, mimi nikiwemo: eneo. Tuseme leza yako ya nanomita 532 inatoa maikrowati 1 katika doa la kipenyo cha milimita 1. Doa hilo lina maikromita mraba 785,000 hivi. Chaneli yako ya maikromita 5 kwa 10 ina maikromita mraba 50. Mwanga ulioiangukia ni pikowati 64 tu. Ukiona nanoampea 10 za mkondo wa mwanga, mwitiko ni ampea 157 kwa wati. Lakini subiri. Doa la leza halina mwanga sawa kila mahali, katikati pana nguvu zaidi. Kwa doa la kawaida la leza, lililopimwa kwa kipenyo kinachotumiwa na watu wa leza, katikati pana mara 2 ya wastani huo, na mwitiko wako wa kweli ni nusu: ampea 78 hivi. Tena kama mwanga unapiga ukingo wa elektrodi nje ya eneo ulilohesabu, na chaji zinafika kwenye chaneli, hesabu imezidi kuharibika. Njia iliyo salama zaidi ni kupanua doa mpaka mwanga uwe sawa juu ya kigunduzi chote, kisha kuupima kwa mita ya nguvu nyuma ya tundu dogo lenye kipenyo unachokijua.

Mwisho wa hatua hii, pima muda. Washa na uzime taa ya LED kwa mipigo ya mraba, tazama mkondo kwenye osiloskopu, na usiridhike na namba moja. Mara nyingi utaona kushuka kwa haraka kwanza, kisha mkia mrefu unaoburuzika. Andika vyote viwili. Mkia ndio mitego ya kina.

Anza na gamba zuri

Hakuna dawa inayoponya gamba baya. Kwa maabara ndogo, kubandua kwa selotepu bado ndiyo njia inayotoa MoS2 safi kuliko zote, ingawa vipande ni vidogo. Bandika fuwele kwenye selotepu, kunja na kukunjua mara kadhaa mpaka rangi ya kijivu isambae nyembamba, kisha ibandike juu ya mpira laini wa PDMS, usukume kwa kidole gumba, na ubandue haraka kwa mwendo mmoja. Ukibandua polepole, vipande vingi vinarudi na selotepu.

Weka PDMS chini ya hadubini. Magamba mazito yanang'aa kama bati. Yale mepesi yanaonekana kama kivuli cha ukungu kwenye kioo, na tabaka moja ni kivuli kinachokaribia kutoonekana, chenye kingo zilizonyooka. Jicho linajifunza baada ya siku kadhaa. Ukiwa na mashine ya Raman, inayosoma mitetemo ya atomi kwa leza, thibitisha: vilele viwili vya MoS2 viko karibu na 384 na 403 kwa sentimita, na umbali kati yake kwa tabaka moja ni 18 hadi 19, wakati kwenye fuwele nene ni 25 hivi. Tumia leza dhaifu, kwani nguvu ikizidi gamba linaungua ukiliangalia.

Ukitaka magamba makubwa, kuna njia ya dhahabu: salfa inashikamana na dhahabu mpya vizuri kiasi kwamba unaweza kubandua tabaka moja la milimita nzima. Shida ni kuiondoa dhahabu bila kuacha uchafu. Na ile inayooteshwa kwa mvuke wa oksaidi ya molibdenamu na salfa ni nzuri kwa kufunika eneo kubwa, ila huja na nafasi tupu nyingi za salfa. Kwa anayeanza, kaa na selotepu.

Godoro na shuka

Oksaidi ya silikoni ni sakafu yenye mawe. Ina chaji zilizonasa, ina mikwaruzo, na inavuta maji. Tiba inayokubalika ni kuweka MoS2 juu ya boroni nitraidi ya pembe sita, ambayo nayo ni fuwele ya matabaka, laini kwa kiwango cha atomi, na yenye pengo la nishati la karibu eV 6, kwa hiyo haimezi mwanga unaoonekana. Fuwele ambazo maabara nyingi duniani zimezitegemea hutoka kwa Kenji Watanabe na Takashi Taniguchi wa taasisi ya NIMS, Tsukuba, Japani. Kwa godoro la chini, unene wa nanomita 10 hadi 30 unatosha. Kwa shuka la juu, hata nanomita 5 zinazuia hewa.

Namna ya kupanga: bandika godoro la boroni nitraidi kwenye silikoni. Chora elektrodi za dhahabu juu yake, nyembamba, zisizidi nanomita 20, maana ukingo mrefu hukata gamba. Kisha lete PDMS yenye MoS2, igeuze kichwa chini, ilenge juu ya pengo la elektrodi ukitazama kwa hadubini, na uishushe.

Hapa ndipo subira inalipa. Utaona mstari wa mguso ukitembea kwenye kioo kama wimbi linalopanda ufukweni bamvua. Usiliharakishe. Ukilishusha ghafla, unafungia hewa na mabaki ya gundi, na yanabaki kama malengelenge yanayovunja mkondo. Jukwaa likiwa na joto la nyuzi 60 hivi, ambalo PDMS inalivumilia bila shida, na mstari ukienda polepole sana, uchafu unasukumwa mbele. Nikiona lengelenge katikati ya chaneli, huwa naachana na kigunduzi hicho hapohapo, maana nitapima lengelenge badala ya MoS2. Baada ya mguso kukamilika, inua PDMS taratibu kuliko ulivyoishusha. Kisha leta shuka kwa njia ileile.

Kwa asiye na chumba safi wala mashine ya lithografia: gridi ya shaba inayotumika kwenye hadubini ya elektroni inaweza kuwa kinyago cha kupigia dhahabu. Kijiti chake kimoja huwa pengo la chaneli. Hakitoi chaneli fupi, lakini hakiachi mabaki ya rizisti (utando unaopakwa ili kuchorea elektrodi), na mara nyingi usafi huo una thamani kuliko ufupi.

Mahali chuma kinapokutana na MoS2

Kama mstari wako wa gizani ulikuwa na umbo la S, shughulika na hapa. Chuma kinapopigwa kwa mvuke juu ya tabaka moja, atomi za moto huvunja safu ya salfa na kuzaa kasoro, na kasoro hizo huamua urefu wa kizuizi bila kujali umechagua chuma gani. Njia tatu zinasaidia.

Ya kwanza ni kupiga dhahabu katika ombwe kali zaidi na polepole zaidi. Titani inayotumika kama gundi chini ya dhahabu hunyakua oksijeni ndani ya chombo ombwe likiwa dhaifu, na unaishia na oksaidi pale ulipotaka chuma.

Ya pili ni kutopiga chuma juu ya MoS2 kabisa: elektrodi ziwe tayari chini, kama nilivyoeleza, au zitengenezwe pembeni na kubandikwa juu kama stika.

Ya tatu ni kubadili chuma. Indiamu hutua kwa upole. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi ya bismuthi iliyoshusha ukinzani wa kiungo na MoS2 ya tabaka moja hadi omu-maikromita 123, namba iliyotikisa watu wa fani hii. Kumbuka tu kwamba indiamu huyeyuka nyuzi 157 na bismuthi nyuzi 271, kwa hiyo mpango wa kupasha joto baadaye lazima uuheshimu ukweli huo.

Ila kuna kesi ambapo kizuizi ni kizuri. Ukiweka chuma cha aina moja upande huu na cha aina nyingine upande ule, vizuizi viwili visivyolingana vinajenga uga wa umeme unaotenganisha chaji bila betri. Mwitiko utakuwa mdogo, mkondo wa gizani mdogo zaidi, na kasi kubwa.

Kutibu mitego

Anza na joto. Ombwe la nyuzi 120 usiku kucha linafukuza maji na kiasi cha mabaki ya rizisti, na mara nyingi peke yake linapunguza pengo la njia mbili za geti kwa kiasi cha kukushangaza. Pima palepale ndani ya ombwe. Ukitoa hewani, maji yanarudi ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu shuka linafuata mara tu baada ya joto.

Nafasi tupu za salfa ni kazi ngumu zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba asidi kali ya kikaboni iitwayo TFSI huongeza mng'ao wa MoS2 ya tabaka moja kutoka chini ya asilimia 1 hadi zaidi ya asilimia 95. Ni matokeo mazuri mno, lakini kwa kigunduzi naishauri kwa tahadhari. Asidi hiyo inaunguza ngozi, inahitaji kisanduku cha glavu, na maji au viyeyusho vinavyokuja baadaye vinaondoa faida yake. Tena kama kigunduzi chako kinaishi kwa ukuzaji wa mitego, ukiitibu yote mwitiko utashuka huku kasi ikipanda. Hilo si kosa la dawa.

Kuna ujanja mdogo usiohitaji kemia: mpigo wa geti. Baada ya kila kipimo, peleka mpigo mfupi wa volti chanya kwenye geti ili elektroni zijae chaneli na kukutana na matundu yaliyonaswa. Katika kigunduzi cha Lausanne mpigo huo ulishusha muda wa kuzimika kutoka sekunde 9 hadi sekunde 0.6 hivi.

Kumfanya mwanga apite mara mbili

Tabaka moja humeza asilimia chache tu ya mwanga, na kufika kama 10 kwenye vilele vya eksitoni (elektroni na tundu lililoshikana nayo) karibu na nanomita 610 na 660. Unaobaki unapita tu. Kabla ya kufikiria chembe za dhahabu na mapambo mengine, hesabu sakafu yako.

Mwanga unaorudi kutoka kwenye silikoni hukutana na unaoingia. Vikisaidiana juu ya uso, MoS2 inaoga katika mwanga zaidi. Hilo hutokea unene wa oksaidi ukiwa robo ya urefu wa wimbi ndani yake. Kwa nanomita 550 na kipeo cha mpindo 1.46, robo ni nanomita 94, na robo tatu ni nanomita 283. Ndiyo maana wauzaji wa silikoni kwa kazi hii huuza oksaidi ya 90 na ya 285: jicho linaona gamba vizuri kwa sababu ileile inayofanya gamba limeze vizuri. Kwa nanomita 660 unataka 113 hivi. Ukiweka godoro la boroni nitraidi, lihesabu nalo, kwani nanomita 20 zake zinalingana na karibu 29 za oksaidi.

Kioo cha chuma chini kinaongeza zaidi. Hapo unene bora huwa pungufu kidogo ya robo, maana mwanga huzama kidogo ndani ya chuma. Kwa kijani tumia fedha, kwani dhahabu humeza rangi hiyo. Ukitaka kuzidi hapo, funika pande zote mbili kwa vioo: kundi la Vienna lilifanya hivyo kwa grafini mwaka 2012, na kitu kinachomeza asilimia 2.3 kikapita asilimia 60. Gharama yake ni kwamba kigunduzi kinaona rangi moja tu.

Ukitaka kasi, jenga kiungo

Weka MoS2 juu ya WSe2 (tangsteni diselenaidi, ndugu yake wa matabaka). Elektroni zinapenda ya kwanza, matundu yanapenda ya pili, na utengano wao ni wa haraka mno. Hapo hutegemei mitego tena. Ukiiweka WSe2 kati ya shuka mbili za grafini, chaji zinavuka unene wa nanomita chache tu badala ya kutembea maikromita. Mwaka 2016 watafiti wa ICFO, karibu na Barcelona, walipima muda wa mwitiko wa pikosekunde 5.5 kwa kigunduzi cha aina hiyo. Mwitiko wa ampea kwa wati ulikuwa mdogo, na ndivyo inavyotakiwa: elektroni moja kwa fotoni moja, upesi.

Kelele ndiyo inayosema ukweli

Umefika hapa, mwitiko umepanda mara 100. Je, kigunduzi kinaona mwanga hafifu zaidi kuliko jana? Huwezi kujua bila kupima kelele.

Makala nyingi hukadiria kelele kwa mkondo wa gizani pekee. Kwa nanoampea 10, kanuni ya kelele ya chaji moja moja inatoa femtoampea 57 kwa mzizi wa hetsi. Ukiichukua pamoja na ampea 78 kwa wati na eneo la maikromita mraba 50, unapata ugunduzi (uwezo wa kuona mwanga hafifu, unaopimwa kwa Jones) wa Jones trilioni 1 hivi, namba ya kujivunia. Lakini vitu vyembamba namna hii vina kelele ya masafa ya chini inayokua kadiri masafa yanavyopungua. Tuseme umepima kweli, na kwa hetsi 1 umepata pikoampea 5 kwa mzizi wa hetsi. Ugunduzi wako ni Jones bilioni 11. Umekosea karibu mara 90 kwa kukadiria.

Pima hivi: kigunduzi gizani ndani ya kisanduku cha chuma, volti itoke kwenye betri na si kwenye ukuta, kikuza mkondo kiwe karibu, kisha rekodi mkondo kwa dakika 10 na uugeuze kuwa wigo wa masafa. Utaona kilele cha hetsi 50 za umeme wa nyumbani. Kiache kikuonyeshe jinsi kinga yako ilivyo dhaifu, kisha uikaze. Fanya kipimo hicho pia elektrodi zikiwa zimechomolewa, ili ujue kelele ya vyombo vyenyewe.

Ukikatakata mwanga kwa gurudumu na kusoma kwa amplifaya ya lokini, inayosoma ishara ya masafa hayo tu, chagua masafa yasiyo zidisho la 50. Mimi hupenda 37 au 317. Angalia pia kwamba kigunduzi kinafuata. Chenye mkia wa sekunde, kikisomwa kwa hetsi 317, kitakuonyesha sehemu yake ya haraka tu, na mwitiko utaonekana mdogo kuliko uliopimwa kwa mwanga usiokatwa. Mwitiko, kelele na kasi vyote vipimwe kwa masafa yaleyale, volti ileile ya geti na nguvu ileile ya mwanga, kisha viandikwe kwenye mstari mmoja wa daftari.

Kigunduzi chenyewe, kikishapimwa, kirudi kwenye kisanduku chenye vidonge vya silika vya kunyonya unyevu, gizani, miguu yake yote ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya alumini. Baada ya mwezi kipime tena kwa orodha ileile. Mstari wa gizani ukiwa umehama, shuka lina ufa mahali fulani, na hadubini itakuonyesha ni wapi.